Mkuku Kwanza

Pwani ya Gando, Wilaya ya Wete kisiwani Pemba, chombo cha mbao hakianzi ubavuni. Huanza na mkuku. Fundi huulaza ule mti mnene juu ya magogo, akavuta uzi toka omo hadi tezi, akafumba jicho moja kuangalia kama umenyooka. Kisha husimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, ndipo mbao na mataruma yapate pa kushika. Kalafati huja mwishoni. Anayetaka kuanza na ubao hana pa kuupigilia.

Mimi naandika programu, na utaratibu huo ndio unaonifanya niipende kazi yangu. Katika lugha ya Python tunaeleza aina za vitu kwa klasi, na klasi moja huweza kurithi sifa za nyingine. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kuorodhesha vyombo vya wavuvi. Juu kabisa nikaiweka klasi ya Ngalawa, nikasema inarithi Chombo; Chombo chenyewe nikakieleza mistari 30 chini yake. Nilipoiendesha, ikakatika pale pale: jina Chombo halijulikani. Python husoma faili kutoka juu kushuka chini, na ikimkuta mtoto humtaka mzazi wake papo hapo. C++ nayo inataka mzazi awe amekwisha kuelezwa kikamilifu. Java ni mvumilivu zaidi: huzipitia klasi zote kwanza, ndipo ihukumu.

Kisiwani Pemba hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba mirathi ina mpangilio. Maiti huzikwa, madeni yakalipwa, wasia ukatolewa usiozidi theluthi, ndipo warithi wakagawana kilichobaki. Anayetanguliza mgao amewadhulumu wadai. Al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoriti, aliandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Kwa hiyo ninapohangaika kujua nani amrithi nani, na nani atangulie, najiona nimekaa baraza moja na wanafaraidhi.

Nilikipandisha Chombo juu, programu ikaenda bila kukwama. Nikampelekea fundi mmoja wa pwani ile, nikamsomea: kila chombo kina mkuku na mataruma, na ngalawa inarithi vyote. Akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "ngalawa inalazwa mkuku lini? Ile ni gogo la mwembe. Linachongwa, likatiwa mirengu, basi."

Kompyuta ilikuwa imeridhika. Yeye hakuridhika, na kweli ilikuwa kwake. Kosa la mpangilio mashine hulikamata mara moja. Kosa la urithi huweza kukaa kimya miaka, mpaka aje anayekijua kitu chenyewe.

Nikaanza upya. Katika Chombo nikaacha yale tu ambayo vyote vinashiriki: jina, mwenyewe, urefu, bandari. Chini yake nikaweka wazazi wawili, chombo cha mbao na chombo cha kuchonga. Mashua na jahazi vikamfuata wa kwanza, mtumbwi na ngalawa vikamfuata wa pili. Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, Wanorwe waliotuachia klasi na urithi katika Simula 67, walikuwa wakitafuta njia ya kuiga mambo ya ulimwengu ndani ya kompyuta. Huwezi kuiga usichokijua, na ndiyo maana kazi hii ikanipeleka kwa fundi.

Siku chombo kinaposhuliwa, mkuku huzama majini, na watu husifu tanga. Klasi mzazi nayo, mvuvi mwenye simu mkononi hataiona kamwe. Lakini kila kilicho juu kimeisimamia hiyo.

Nilipomuaga, fundi alirudi kwenye uzi wake. Akaupima mkuku mara ya tatu, na hakuwa amegusa ubao hata mmoja.