Mkasi Unaotangulia Msimu

Mavuno ya kahawa yanapoelekea ukingoni Mbozi, mwezi wa tisa hivi, shambani hubaki mibuni iliyochoka: matawi yameinama, majani yamepauka. Hapo ndipo zamu ya mpogoleaji inapoanza. Ana wiki chache tu. Akizembea, mvua za Novemba zitamkuta, na maua yatafunguka kwenye matawi yaliyopaswa kukatwa.

Zana zake ni mkasi wa kupogolea, msumeno mdogo uliopinda na jiwe la kunolea. Mzee ninayemtazama, katika shamba lililo nje kidogo ya Mlowo, anaanza na jiwe. Ananoa polepole, anajaribu makali kwenye kijiti kibichi, ananoa tena. Mkasi butu haukati, unatafuna, na gome lililotafunwa huchelewa kufunga kidonda.

Akishanoa, bado hakati. Anauzunguka mbuni, anainama, anakagua shina tangu chini. Anatafuta unga wa mti, dalili kwamba bungua ametoboa. Asipouona, macho yanapanda taratibu, tawi kwa tawi.

Kahawa ya Arabika huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliotangulia. Pakishazaa, hapazai tena; mzigo husogea mbele kuelekea nchani. Ndiyo maana tawi la siku nyingi huwa refu, tupu katikati, lenye kishungi cha majani mwishoni. Mzee analishika mojawapo.

"Mbona hilo lina majani, mzee?" anauliza kijana anayemsaidia.

"Majani linayo. Pa kuzalia halina."

Analikata karibu na shina, bila kuligusa gome la shina lenyewe. Kata moja, safi.

Kazi ina mpangilio wake. Kwanza yanaondoka matawi makavu na yaliyovunjika. Yanafuata yanayoburuza chini, kisha yanayorudi ndani kuelekea shina. Mwisho ni sehemu ngumu, kupunguza msongamano: kwenye kila tawi la msingi anabakiza vitawi vichache vyenye afya, vinavyotazama nje, kimoja kulia, kimoja kushoto. Hivyo ndivyo vitakavyozaa. Baada ya kata tatu nne anarudi nyuma hatua mbili kutazama, kisha anasogea tena. Shina lililorefuka kupita kiasi analikata kilele, ili mvunaji alifikie bila kulivuta.

Mbuni uliosongamana hukawia kukauka baada ya mvua, na unyevu huo ndio mwanya wa chulebuni na kutu ya majani. Hata dawa ikipulizwa, haifiki ndani. Kituo cha Mbimba cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, kiko humu humu Mbozi, na taasisi hiyo imezalisha aina zinazohimili magonjwa hayo mawili. Lakini mche bora nao husongamana usipopogolewa. Na mbuni ulioachwa uzae unavyotaka hujibebesha kuliko nguvu zake: mwaka huu unafurika, mwakani matawi yanakauka kuanzia nchani.

Wiki moja au mbili baada ya mvua ya maana, maua meupe hufunguka yote kwa pamoja, na baada ya siku chache hunyauka. Mkasi umeshapumzika. Inayobaki ni kazi ya kidole gumba. Mwanga ulioingia umeamsha maotea shinani. Mzee huyabandua yangali mabichi, kabla hayajahitaji chuma. Atayarudia tena na tena mpaka masika yaishe, kwa sababu kila otea linalopona linakula chakula cha matunda. Mara chache anaruka moja, nene, lililoota chini mahali pazuri. Hilo amelichagua liwe shina la baadaye.

Kwa mibuni iliyozeeka kabisa, anachukua msumeno. Anakata shina kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mshazari, ili maji yateremke yasiozeshe kisiki. Machipukizi yatatoka mengi; yatabakizwa mawili au matatu, na itapita miaka miwili hivi kabla ya mavuno ya kueleweka. Kwa hiyo hakati shamba lote. Ameligawa mafungu manne, na kila mwaka anakata visiki fungu moja. Mwaka wa nne ukiisha shamba zima limekuwa jipya, na hakuna msimu ambao nyumba imekosa kahawa ya kuuza.

Machipukizi ya fungu la mwaka huu atayachagua kijana. Mzee amempa jiwe la kunolea kwanza, mkasi baadaye. Akikosea kuchagua, hasara itakuwa ya muda tu, maana kisiki cha mbuni huchipua tena.