Kutua kwa Mbele ya Mguu: Mzigo Huhama, Haupotei

Kwenye barabara za vumbi jekundu zinazotoka Kachibora kupanda milima ya Cherangani, watoto wengi hukimbia pekupeku miaka mingi kabla ya kuvaa raba, na hakuna anayewafundisha namna ya kukanyaga. Ng'ambo, mkimbio kama huo umegeuzwa somo: simama wima, fupisha hatua, tua kwa sehemu ya mbele ya mguu, usikilize mwili wako kila unapokanyaga. Somo hilo sasa linaturudia kupitia video za simu, na kijana anayetafuta riziki katika riadha hulipokea kama siri ya ushindi. Faida zake zipo. Madhara yake nayo yapo, na asili yake kubwa ni hii: akili huelewa mkao mpya kwa siku moja, lakini mifupa na kano huuzoea kwa miezi.

Tuanze na ushahidi ulioupa mtindo huu umaarufu. Januari 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard. Miongoni mwa wenzake walikuwa Robert Mang'eni wa Chuo Kikuu cha Moi na Yannis Pitsiladis. Walilinganisha makundi matano ya wakimbiaji wa Marekani na Kenya, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa, baadhi waliozoea viatu na wengine waliokua bila viatu. Waliozoea pekupeku mara nyingi walitua kwa mbele au kwa katikati ya unyayo. Waliozoea viatu wengi walitua kwa kisigino.

Tofauti ilionekana katika pigo la kwanza, lile linalokuja ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya mguu kugusa ardhi. Mtu aliyetua kwa kisigino bila viatu alipokea pigo la takriban mara 1.9 ya uzito wake. Aliyetua kwa mbele alipokea takriban mara 0.6 tu. Wasomaji wengi waliishia hapo, wakahitimisha kwamba kutua kwa mbele ni salama. Watafiti wenyewe hawakupima majeraha, na hawakusema kwamba mtu akibadilisha mkimbio wake hataumia.

Kilichopungua ni pigo la ghafla. Kazi ya kuupokea mwili wote unaoshuka kwa kila hatua ingali palepale, na lazima ifanywe na kiungo fulani. Ukitua kwa kisigino, goti na misuli ya mbele ya paja hubeba sehemu kubwa. Ukitua kwa mbele, kisigino huning'inia kwanza, kisha hushushwa taratibu na misuli ya shavu la mguu ikivuta kano ya kisigino. Wakati huohuo mifupa mirefu na myembamba iliyo nyuma ya vidole hupinda kidogo kila unapokanyaga. Goti limepumzishwa, na shavu la mguu, kano na mifupa hiyo vimeongezewa kazi. Aliyekuwa akiumwa goti anaweza kupata nafuu ya kweli. Aliyekuwa na kano dhaifu anaweza kuumia kwa somo lilelile.

Kasi ya mabadiliko ndiyo inayoumiza. Mfupa unapopata mzigo mgeni hujijenga upya, lakini huanza kwa kubomoa: seli huondoa sehemu iliyochoka kwa wiki kadhaa, kisha kujaza mfupa mpya huchukua miezi. Katikati ya kazi hiyo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Huo ndio wakati kijana, akiwa amekwisha kuumudu mkimbio mpya na pumzi zake ziko sawa, huongeza umbali.

Sarah Ridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walilionyesha jambo hilo mwaka 2013. Waliwapiga wakimbiaji wazoefu 36 picha za MRI za miguu, wakarudia baada ya wiki 10. Watu 17 walibaki na viatu vyao vya kawaida. Wengine 19 waliingia katika viatu vyembamba vyenye vidole, wakianza na mbio fupi moja kwa wiki na kuongeza hatua kwa hatua. Kati ya hao 19, 10 walikutwa na majimaji yaliyoongezeka ndani ya uboho wa mifupa ya mguu, dalili ya mfupa ulioelemewa. Katika kundi la viatu vya kawaida alikuwa mmoja tu. Hawa walikuwa watu wazima wenye uzoefu, waliofuata utaratibu wa polepole, na bado wiki 10 hazikuwatosha.

Kuna dhara la pili, nalo linatokana na kule kuusikiliza mwili kila unapokanyaga. Mwaka 2009 Linda Schücker na wenzake nchini Ujerumani waliwapa wakimbiaji 24 waliofunzwa kazi tatu wakikimbia kwa kasi ileile: kufikiria miondoko yao, kufikiria pumzi zao, au kutazama mazingira. Walitumia oksijeni kidogo zaidi walipotazama mazingira. Mwili uliozoea kazi yake huifanya kwa gharama ndogo ukiachwa huru. Ukiuamuru kila hatua, unaulipisha zaidi. Kwa hiyo mwenye kujifunza mkao mpya avumilie kuchoka mapema kwa muda, na asifanye zoezi hilo siku ya mashindano.

Wala hakuna mkimbio mmoja uliowekewa Waafrika. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake walichapisha uchunguzi wa Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua pekupeku. Kwa mwendo wao wa kawaida wa mbio ndefu, asilimia 72 ya hatua zao zilitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi ndipo kisigino kilipopungua. Abebe Bikila wa Ethiopia naye alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, na ya Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu.

Mkufunzi wa Kachibora, au wa popote kati ya Kitale na Bungoma, afanye nini? Kwanza, mkimbiaji asiye na maumivu asibadilishwe kwa sababu ya mtindo. Pili, mwenye sababu, tuseme goti linalomsumbua kila mara, aanze kwa dakika chache kwenye nyasi, mwishoni mwa mazoezi mepesi, huku umbali wote wa wiki ukipunguzwa. Aimarishe mashavu ya miguu kwa kupanda na kushuka kwa ncha za vidole, na ahesabu mabadiliko haya kwa miezi. Kijana aliyekua pekupeku akahamia viatu vinene kwa miaka kadhaa naye asijidhanie bado ana miguu ya utotoni.

Tatu, mkufunzi ajue kutofautisha maumivu. Mashavu ya miguu yanayouma yote mawili kwa siku mbili tatu kisha yakatulia ni uchovu wa kazi mpya. Maumivu ya nukta moja juu ya mguu, yanayozidi ukipabonyeza na kurudi kila ukikimbia, ni ishara ya kuacha mbio siku hiyohiyo na kwenda hospitali. Eksirei ya mapema inaweza isionyeshe ufa mwembamba wa mfupa, hivyo picha safi isiwe ruhusa ya kurudi barabarani ikiwa maumivu bado yapo. Kano ya kisigino inayokakamaa kila asubuhi nayo isipuuzwe.

Vijana wetu wengi hawana bima, na jeraha moja la miezi mitatu linaweza kumaliza ndoto ambayo familia nzima imeitegemea. Kwa hiyo anayewaelekeza wabadilishe mkao ana wajibu wa kuwaambia mambo mawili kabla ya somo la kwanza: ni kiungo gani kitakachopokea mzigo mpya, na watakipa muda gani kuuzoea. Asiyeweza kujibu hayo mawili bado hajawa tayari kuwafundisha.