Filamu The Incredibles na Mtoto Mdogo

Filamu ya katuni The Incredibles, iliyotungwa na kuongozwa na Brad Bird mwaka 2004, ilikuwa ya kwanza miongoni mwa filamu ndefu za Pixar kupewa nchini Marekani alama ya PG, yaani mzazi ashauriwa kumwongoza mtoto. Wazazi wengi huhesabu ngumi na milipuko. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo haitoshi.

Uzito wa filamu hii umo katika mauti. Bob, shujaa mwenye nguvu za ajabu, anagundua kwamba mashujaa wenzake wameuawa mmoja baada ya mwingine. Mkewe Helen, akiwa pangoni pamoja na watoto wao Violet na Dash, anawaonya kwamba maadui hao si kama wale wa katuni za televisheni: hawatawahurumia kwa kuwa ni watoto. Hapo mtunzi anasema kweli, na ndipo ulipo ubora wa kazi yake. Lakini mtoto wa miaka minne halipokei onyo hilo kama fundisho; husikia tu kwamba watoto huuawa.

Itasemwa kuwa hata ngano zetu zina mazimwi walao watu. Ni kweli, ila mtambaji huziona nyuso za wasikilizaji wake, akapunguza sauti, akaingiza wimbo, au akaharakisha kuja kwa mwokozi. Filamu haimwoni anayeitazama.

Basi tunaikubali kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea. Aliye mdogo zaidi asubiri; na akiitazama, mtu mzima akae karibu naye, ashike nafasi ya mtambaji.