Nyekundu Juu, Kijivu Chini

Trekta la Massey Ferguson 35 lina rangi mbili, na fundi anayelifufua hana budi kujua zilikotoka kabla hajafungua kopo. Harry Ferguson alipenda kijivu. Matrekta yake ya TE20, yaliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, yalikuwa zaidi ya nusu milioni, na yalitoka kiwandani yakiwa ya kijivu kuanzia boneti hadi magurudumu. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, ambayo matrekta yake yalikuwa mekundu. Trekta la 35 lilipotoka Uingereza mwaka 1956 lilikuwa bado la kijivu, injini yake ikiwa na rangi ya dhahabu. Mwishoni mwa 1957 likabadilishwa: boneti na madigadi vikawa vyekundu, injini na giaboksi vikawa vya kijivu. Hivyo ndivyo tulivyolizoea, kuanzia Karatu hadi Uasin Gishu, ingawa mengi yanayolima leo yameshapakwa upya mara kadhaa kwa rangi yoyote iliyopatikana dukani siku hiyo.

Kuna fundi rangi Arusha ambaye nimezoea kukaa kwenye gereji yake nikimtazama akifanya kazi. Anapopokea trekta la aina hii hamwulizi mwenyewe anataka rangi gani. Analivua. Boneti, madigadi, tanki, taa, vyote vinawekwa pembeni, kisha anageukia chuma chenyewe. Udongo na oili vya miaka sitini huwa vimeshikana vikawa ganda gumu kwenye kona za giaboksi. Ganda hilo linatolewa kwa tindo butu, linalobaki likalainishwa kwa dizeli, likasuguliwa kwa brashi ya waya, na mwisho chuma kikaoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Ukipita hapo saa hiyo utadhani kazi imekwisha, maana chuma kinaonekana safi.

Haijaisha. Chuma cha kusubu kina vinyweleo, na oili imejificha ndani yake. Ukipaka rangi juu yake itashika vizuri wiki mbili tatu, halafu siku injini ikipata moto oili itapanda na rangi itavimba, ibanduke vipande vipande. Kwa hiyo fundi anapitisha moto wa gesi juu ya chuma taratibu, bila kukiunguza, mpaka kianze kutoa jasho jeusi. Anafuta kwa kitambaa chenye thina, anaacha kipoe, anapasha tena. Kijana anayejifunza kwake alimwuliza, "Mzee, si imeshakauka?" Akajibiwa, "Pasha tena, mwanangu. Na ufutie kitambaa cheupe, siyo hicho." Kitambaa cheupe ndicho kipimo. Kikitoka na rangi ya chai, prima inasubiri.

Kwenye bati kazi ni nyingine. Boneti la 35 lina mikunjo mipana, na mikunjo mipana haifichi kosa: jua likilipiga ubavuni, kila bonde linaonekana. Fundi ananyoosha kwa nyundo, huku akikinga kwa ndani kwa kipande cha chuma, mpaka abakishe kazi ndogo kabisa ya puti. Puti nene ni uvivu, na kwa mashine inayotikisika kutwa nzima shambani haidumu. Juu ya puti inapigwa prima, na juu ya prima anapuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi. Nilipoliona mara ya kwanza sikuelewa kwa nini achafue kitu alichokitengeneza kwa muda wote huo. Kisha akashika msasa wa maji uliozungushiwa kibao na kuanza kusugua kwa mshazari, kushoto kisha kulia. Weusi ukaondoka kwenye sehemu zilizosimama na kubaki kwenye mabonde. Pale palipobaki madoa pana kasoro, hata kama kiganja hakikuihisi. Anajaza, anasugua tena, anapuliza weusi tena. Nimemwona akirudia mzunguko huo kwenye ukingo wa boneti mpaka mimi niliyekuwa nimekaa tu nikachoka.

Rangi yenyewe anaitafuta kwenye trekta. Wekundu wa juu umepauka kwa jua, hauwezi kuaminiwa. Anafungua bamba lenye namba ya trekta, anachungulia chini ya tanki, mahali ambapo jua halijawahi kufika, na hapo anakuta kipande kidogo cha rangi ya kiwandani. Hicho ndicho kinachopelekwa dukani kulinganishwa.

Lakini linalonifanya nimheshimu kuliko yote ni vitu anavyokataa kufanya. Wateja wengine wanataka giaboksi isuguliwe na kujazwa puti mpaka ing'ae kama bodi ya gari la harusi. Yeye hakubali. Chuma cha kusubu kilitoka kiwandani kikiwa na uso wa chengachenga, kikiwa na mistari ya kalibu na namba za vipuri zilizoinuka. Akizifunika, trekta litapendeza kwa mtu asiyelijua, na litakuwa limepoteza ushahidi wake. Mimi naungana naye kabisa. Kufufua kitu ni kukirudisha kilivyokuwa, na 35 lilijengwa kwenda shambani.

Siku ya kupuliza huanza alfajiri, kabla upepo haujaamka. Sakafu inamwagiwa maji ili vumbi litulie. Maji yaliyojikusanya kwenye tanki la kompresa yanatolewa, kwa sababu tone moja likipita kwenye mpira litaacha shimo katikati ya boneti. Bunduki ya rangi inakaa kama sentimita 20 kutoka kwenye bati, na mkono mzima unatembea, siyo kifundo peke yake. Kila mpito unafunika nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza wa rangi ni mwembamba, karibu uone prima chini yake. Wa pili unasubiri mpaka wa kwanza ushike kidole bila kukitia rangi. Harakaharaka huzaa michirizi, na mchirizi ni siku nzima ya msasa.

Hapa niseme jambo bila kuzunguka. Rangi zinazochanganywa na hadina hutoa sumu inayoharibu mapafu, na bado naona vijana wengi wakipuliza huku wamejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii kitu. Fundi huyu ana barakoa ya bomba la hewa safi, na asiyeivaa haishiki bunduki.

Baada ya hapo ni subira. Enameli hukauka juu kwa siku moja, lakini ndani huchukua wiki kadhaa, na anayeipaka nta mapema huifunga ikiwa bado laini. Stika za jina zinabandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo, zikisukumwa kutoka katikati ili hewa itoke. Kisha trekta linaungwa, na spana, hata zikishikwa kwa uangalifu gani, hung'oa rangi kwenye vichwa vya bolti. Kwa hiyo fundi anachukua brashi nyembamba na kikopo cha kijivu, anakaa kwenye kigoda na kuanza bolti moja baada ya nyingine, pamoja na zile za chini ya giaboksi.