Punda, Sogi na Watoto: Jinsi Familia Inavyovuka Cévennes kwa Miguu

Mwaka 1878 mwandishi Robert Louis Stevenson aliondoka Le Monastier, kusini mwa Ufaransa, akiwa na punda jike aitwaye Modestine, na siku ya 12 wakaingia Saint-Jean-du-Gard. Njia hiyo inayovuka milima ya Cévennes sasa inaitwa GR 70, na familia huipita na watoto wa miaka sita au saba. Huwezekana vipi? Kwa maoni yangu, jibu lote limo kwenye mzigo.

Kinachomchosha mtoto mapema ni begi mgongoni na kukosa la kufanya. Punda wa kukodi huondoa yote mawili: anabeba kama kilo 40, na mtoto anakabidhiwa kamba amwongoze. Mwenye punda hamtoi hivihivi. Kwanza anakufundisha kukagua kwato, kumpiga brashi mgongo pasisalie hata kijiti chini ya tandiko, kisha kufunga mkanda wa tumbo na kuukaza tena baada ya mwendo mfupi, kwani hulegea.

Ufundi wenyewe uko kwenye sogi. Kila asubuhi mifuko yake miwili, mmoja kila ubavu wa punda, hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza mpaka ilingane. Upande mmoja ukizidi, tandiko huzunguka polepole na mgongo wa mnyama huchubuka. Stevenson alilipuuza hilo; alipopita Ussel mzigo wote ukapinduka ukaning'inia chini ya tumbo la Modestine. Ikabidi atupe chupa tupu, mkate mweupe, paja la kondoo na hata kifaa cha kupigia mayai alichokipenda sana. Afadhali uchambuzi huo ufanyike nyumbani, kila kitu kikiwa kimetandazwa sakafuni.

Kupotea si rahisi. Mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, imechorwa kwenye miti na mawe. Ukiona msalaba wa rangi hizo, rudi. Kuzitafuta alama hizi ni kazi wanayoipenda watoto.

Mtihani halisi ni Mlima Lozère, kutoka Le Bleymard hadi Le Pont-de-Montvert. Unapanda zaidi ya mita 600 hadi kilele cha Finiels, mita 1,699, halafu unashuka kama mita 800 kwenye mawe. Juu kule nguzo za kale za mawe zinaonyesha njia ukungu ukitanda. Wakati wa kupanda, mkanda wa kifuani huzuia sogi isirudi nyuma. Wakati wa kushuka, mkanda unaopita chini ya mkia huizuia isimwangukie punda shingoni. Hapo mtu mzima achukue kamba, mtoto atembee pembeni, kamwe asikae mbele ya punda.

Wengi hupita kipande hicho kwa siku moja. Mwenye watoto wadogo akigawe: alale ubavu wa kaskazini, chini kidogo ya kilele, ili mteremko ule aushuke asubuhi, magoti yakiwa bado na nguvu.