Firigisi ya Baba: Kicheko cha Nyumbani katika Michezo ya Mufwankolo



Sisi mapadri na wakatekista tunaposema juu ya jamaa, tunasema kwa sauti nzito: mahari, ulevi, ugomvi wa ndoa, malezi ya watoto. Ni haki, maana mambo hayo ni mazito. Lakini nyumba haisimami kwa maonyo tu. Watu wanaokula chungu kimoja huchekana pia: mjukuu humwita nyanya yake «mke wangu», shemeji hutaniwa mlangoni, baba husimulia mara ya kumi ginsi alivyomkimbia kiboko, na mama huhesabu kwamba kila mwaka kiboko yule anazidi kunenepa. Kicheko hicho nacho ni mafundisho. Nani katika inchi yetu amejua kukitumia vizuri? Leo nataka kupima kazi ya kundi moja, kundi la Mufwankolo wa Lubumbashi, ili tuone lipi katika kazi yao tulifuate, na lipi tuliache.

Tuanze na mahali. Mji wa Lubumbashi, ulioitwa Elisabethville mpaka mwaka wa 1966, ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba. Kazi iliita watu kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, inchi ambayo siku hizi ni Zambia. Muluba wa Kasai alikaa ukuta kwa ukuta na mtu wa Maniema. Kila mmoja alileta lugha ya mama yake na mithali za babu yake, na Kiswahili kikawa njia ya kuonana kazini, sokoni na uani. Katika maisha hayo ulizaliwa mchezo wa Odilon Kyembe Kaswili, ambaye watu walimjua kwa jina la Mufwankolo. Yeye na wenzake walicheza kwa Kiswahili cha mji wao, katika radio na televizyo, mambo ya kila siku: mume na mke, mgeni asiyetaka kwenda kwao, deni, wivu, uchawi unaotajwa mahali penye uvivu tu.

Jambo hili si la Katanga peke yake. Wamexico waliohamia Marekani, katika kartiye zao za San Antonio na Los Angeles, walikuwa na michezo ya hema iliyoitwa carpa, ambamo maskini mwenye ulimi mwepesi alishindana na wakubwa. Mwaka wa 1965, huko California, Luis Valdez alianzisha Teatro Campesino, na watu wa mashamba waliokuwa katika mgomo wakacheza wenyewe shida zao. Nyumbani kwao watoto wanasimuliwa habari za La Llorona, mama anayelia kando ya maji akitafuta watoto wake, na kwa hofu hiyo hawakaribii mto usiku. Sisi wa pwani ya Tanganyika tunafahamu vizuri hadithi za namna hiyo. Mtu anayehama huacha shamba na kaburi la baba yake. Lakini hadithi na mzaha havina uzito katika mzigo, hivyo huvichukua. Afikapo katika mji mgeni, vitu hivyo viwili ndivyo vinavyomfundisha mtoto wake kwamba ana kwao.

Sasa tuitazame kazi moja ya kundi hili. Mwaka wa 1986 mtaalamu Johannes Fabian alikuwa Lubumbashi. Ndiye yule aliyekwisha kuandika kitabu juu ya Jamaa, chama kilichotokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels kule Kolwezi katika miaka ya 1950. Siku moja Fabian alipewa mezani firigisi ya kuku, na mwenzake akamtolea mithali ya kwamba ukubwa unaliwa mzima. Akawauliza watu wa Mufwankolo maana yake. Hawakumjibu kwa neno moja. Walibishana wao kwa wao, kisha wakaigeuza mithali kuwa mchezo. Hawakuwa na maneno yaliyoandikwa: walipatana juu ya njia ya hadithi, na kila mchezaji akatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya wenzake. Mchezo ulipigwa filamu kwa ajili ya televizyo katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi. Mwaka wa 1990 Fabian alitoa mabishano, mazoezi na mchezo wenyewe katika kitabu chake Power and Performance.

Kwa nini firigisi? Hapa wenye kusoma vitabu wanaweza kupotea, lakini kila mtoto wa Fizi anafahamu. Firigisi ni ya baba, au ya mgeni ambaye baba anataka kumheshimu. Ni nyama ndogo, tena ngumu. Kama ni shibe tu, paja lingefaa zaidi. Watoto huitazama ikipita. Mke aliyeila jikoni kwa siri amekwisha kuleta kesi, na kesi hiyo huchekesha kwa sababu wakubwa watakaa kitako saa nzima kwa kitu cha kutafuna mara tatu. Basi mithali hii ya watawala haikutoka katika jumba la mfalme. Imetoka katika sahani ya nyumbani. Hapo ndipo naona nguvu ya kwanza ya Mufwankolo na wenzake: hawakuiweka mithali katika kabati ya vitu vya wazee, bali waliirudisha mahali inapoliwa.

Nguvu ya pili ni kwamba hawakuharakisha kufunga mabishano. Maana mithali hii ina pande mbili. Mmoja atasema: ukubwa haugawanywi, mashefu wawili katika kijiji kimoja ni vita. Mwingine atajibu: anayeupokea ukubwa aule wote, pamoja na ugumu wake, asichague heshima na kuacha mzigo. Tena mimi naongeza neno la tatu. Tazameni vizuri: baba haendi jikoni kujikatia firigisi. Anapewa. Mkono mwingine umemfuga kuku, umempasua, umeisafisha ile firigisi na kutoa mchanga wake, umeipika na kuiweka juu ya sahani. Anayekula ukubwa mzima anakula kitu alichopikiwa na wengine. Akisahau hilo, mama wa nyumba hahitaji kupigana naye. Siku ya kuku itampita tu.

Kumbukeni pia ulikuwa mwaka gani. Mobutu alikuwa juu ya kiti tangu mwaka wa 1965, na chama kilikuwa kimoja tu. Mpaka mwaka wa 1997 hakuna aliyemwondoa. Kuuliza hadharani kama ukubwa ugawanywe lilikuwa jambo la hatari. Lakini shefu wa kijiji, mwenye wazee wake, wake zake na kuku wake, aliweza kupimwa mbele ya macho ya wote. Mchezo haukuwa na lazima ya kumtaja mtu. Nyumba ilisema maneno ambayo njia kuu ya mji haikuweza kuyasema. Ndiyo kazi ya zamani ya hadithi zetu za sungura: mdogo anashinda, msikilizaji anacheka, na mwenye nguvu aliyekaa kati ya wasikilizaji anacheka pia kabla hajajua amepigwa.

Nimesifu, sasa nitoe lawama. Michezo ya kundi hili mara nyingi inapenda kumalizia kwa fundisho linalosemwa waziwazi, kama mwalimu anayepiga ubao. Watu wamekwisha kucheka na kuelewa. Halafu wanaambiwa walichoelewa. Ni kosa la mapenzi mema, na sisi tunalifanya kuliko wao. Katika misioni zetu vijana hucheza vizuri sana siku ya sikukuu, kisha mmoja anasimama kueleza, na kicheko kinakufa kama moto uliomwagiwa maji. Yezu alipotoa mifano, mara nyingi aliwaachia wasikilizaji kazi ya kutafuta. Mithali ikielezwa mpaka mwisho haina meno tena.

Kuna kosa lingine, ambalo si la Mufwankolo bali la wanaomwiga bila akili. Wanadhani kuchekesha ni kumcheka mwanamke mwenye maneno mengi, kigugumizi, kilema, au mtu wa kabila lingine na namna yake ya kutamka. Katika mchezo wa Kawama mkubwa wa kundi mwenyewe ndiye aliyekalia kiti cha shefu, watu wapate kumpima. Hii ndiyo kanuni: anayetaka kuchekesha aanze na kiti chake. Mtakatifu Tomaso, katika Summa, anafundisha kwamba kuna fadhila ya kuchezesha roho kwa kipimo, na kwamba asiyejua mchezo wowote, tena akawazuia wengine, ana kosa. Lakini alisema kwa kipimo. Kicheko kinachomfukuza mtu katika jamaa kimevuka kipimo. Katika kitabu cha Mwanzo, Abrahamu na Sara walicheka waliposikia ahadi, na mtoto alipozaliwa alipewa jina la kicheko hicho, Isaka. Kicheko cha kweli kinaongeza mtu nyumbani.

Mtauliza: hayo ya Lubumbashi yatufae nini hapa Lweba? Yanatufaa sana. Tangu vita vya mwaka wa 1996 jamaa nyingi za Fizi zilivuka ziwa, na watoto wengi walikulia katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kurudi. Kambini chakula kilipimwa na watu wengine, na baba alisimama katika mstari na karte yake sawa na kila mtu. Firigisi yake ilikuwa wapi? Hakuwa na kuku wa kuchinja wala neno la mwisho. Aliporudi, baba wa namna hiyo huenda akataka kurudisha heshima kwa ngumi na kelele. Na mtoto ambaye hakukaa katika lubunga kusikia wazee wakitaniana hajui kwamba mkubwa anaweza kuchekwa na bado akaheshimiwa. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa, kuliko kupotea kwa hadithi hii au ile.

Padri Tempels aliwaketisha mume na mke pamoja, wasikilizane. Mufwankolo aliwaketisha pamoja wajione. Kazi hizi mbili zinahitajiana. Kwa hiyo nawaomba ninyi wakatekista, na ninyi vijana wa seminari mnaporudi likizo: wapeni watu wa kartiye mithali moja tu, bila karatasi. Waacheni wabishane, wazee pamoja na vijana, wanawake pamoja na wanaume, mpaka pande zake zote zionekane. Kisha wacheze. Na mchezo ukiisha, msisimame kueleza. Waacheni watu waende nyumbani, wamalizie mabishano mezani, mahali penye kuku, au kama kuku hakuna, penye ndagala.

Lweba, Fizi