Kampaundi si Mchanganyiko

Katika miswada ya kemia tunayoipitia, neno mchanganyiko limetwishwa mizigo miwili. Chumvi iliyotiwa mchangani huitwa mchanganyiko. Maji, yatokanayo na haidrojeni na oksijeni, nayo huitwa mchanganyiko. Kwa maoni yetu hili ni kosa, wala si dogo.

Tuitazame dawa mseto ya malaria. Kidonge kimoja kina artemeta na lumefantrini, na kila moja hubaki na tabia yake: artemeta hupunguza vimelea upesi, lumefantrini hukaa mwilini siku kadhaa ikimaliza vilivyosalia. Huo ni mchanganyiko wa kweli. Lakini artemeta yenyewe sivyo ilivyo. Wakemia huchukua artemisinini itokayo katika mmea, huiongezea haidrojeni, kisha huiunganisha na kikundi cha methili. Hupatikana dutu mpya yenye fomula moja tu, C16H26O5. Kazi hiyo ndiyo usanisi, na kilichopatikana ni kampaundi.

Mwandishi aviitaye vyote viwili mchanganyiko humfundisha mwanafunzi kwamba dawa hubuniwa kwa kutia na kukoroga, kama uji. Mwanafunzi huyo ndiye mfamasia wetu wa kesho.

Wako wanaoikataa kampaundi kwa kuwa ni ya kukopa. Twawajibu kwamba istilahi hupimwa kwanza kwa maana yake, ndipo kwa asili yake. Neno la mkopo lenye maana moja lafaa kuliko la nyumbani lenye maana mbili zinazogombana.